Nimepata 73 kwenye mtihani wa leseni ya meno. Nilikosa maswali mangapi?

Swali la msomaji: Shikamoo, Daktari. Nilisomea udaktari wa meno nje ya Marekani na sasa natafuta leseni ya kufanya kazi huko. Nimefanya INBDE, mtihani wa maandishi wa leseni hiyo, na sikufaulu: nimepata 73, na ya kufaulia ni 75. Mwenzangu aliyefanya mwezi mmoja baada yangu ananiapia kwamba maswali yake yalikuwa magumu kuliko yangu, na kafaulu. Je, nilikosa maswali mawili tu? Wanapanga idadi ya watakaofeli? Niombe wasahihishe upya? Na ni kweli kwamba kwenye mtihani wa vitendo kosa moja linaweza kufuta kazi yote?

Jibu: Marahaba, Daktari, na pole sana. Nimetunga maswali ya mitihani ya leseni na nimekuwa mtahini kwa miaka mingi, na barua ya mtu aliyekosa kwa alama mbili huwa naisoma mara mbili. Aliyepungukiwa na alama ishirini anajua arudi kusoma. Aliyepungukiwa na mbili hukaa anajiuliza ni swali gani lile lililomponza.

Basi tuanze hapo. Ile 73 si asilimia. Hukupata maswali 73 katika kila 100, na hukukosa mawili. INBDE ina maswali 500 yanayofanywa kwa siku mbili, 360 siku ya kwanza na 140 ya pili. Kompyuta inahesabu uliyopata, na hesabu hiyo, alama ghafi, wewe huonyeshwi kabisa. Inageuzwa kwanza kuwa alama kwenye kipimo kinachoanzia 49 na kuishia 99, kisha mahali pa kufaulia kwenye kipimo hicho pamepewa namba 75. Namba hiyo ni jina la mahali tu, kama nyuzi 100 za Selsiasi zilivyo jina la mahali maji yanapochemkia. Waliotengeneza kipimo wangeweza kupaita 500 na mtihani usingebadilika hata nukta. Walichagua 75, na kwa kuwa inafanana na alama za shuleni, kila mwaka inawapotosha watu wenye akili nzuri kama wewe.

Sasa fikiria: maswali mia kadhaa yamebanwa ndani ya kipimo cha hatua 50. Kila hatua moja ya kipimo inabeba maswali kadhaa, na idadi hiyo haiko sawa kila mahali, kwa sababu ugeuzaji wenyewe haufuati mstari ulionyooka. Kwa hiyo kutoka 73 hadi 75 ni maswali zaidi ya mawili. Ni machache, ndiyo, lakini usilale ukitafuta lile moja.

Mstari wenyewe unatoka wapi? Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote, na ndipo watahiniwa wasipoelezwa. Mstari wa kufaulu unachorwa na watu, madaktari wa meno walioketi chumbani kwa siku mbili au tatu, na wanauchora wakimfikiria mtu mmoja ambaye hayupo. Mtu huyo ni daktari anayestahili leseni kwa shida: anajua kiasi cha kutomdhuru mgonjwa, na hazidi hapo. Si mwanafunzi bora wa darasa. Ni yule ambaye ungesita kidogo, kisha ukamruhusu amtibu mama yako.

Njia iliyoenea zaidi ya kufanya kazi hii inaitwa kwa jina la William Angoff, aliyeieleza mwaka 1971. Inakwenda hivi. Swali linasomwa mezani. Tuseme linauliza: mgonjwa wa moyo anahitaji ganzi ya lidokeini yenye epinefrini ya 1 kwa 100,000, ni katriji ngapi, yaani vichupa vya dawa ya sindano, ambazo hupaswi kuzizidisha? Jibu la vitabu vingi ni mbili, kwa sababu katriji moja ya mililita 1.8 ina miligramu 0.018 za epinefrini, mbili zina 0.036, na kikomo kinachofundishwa kwa mgonjwa wa namna hiyo ni 0.04. Mwenyekiti anauliza: katika madaktari 100 wa mpakani, wale wanaostahili kwa shida, ni wangapi watalipata? Mjumbe mmoja anaandika 85, mwingine 60, wa tatu 70. Kisha wanajadiliana. Yule wa 60 anasema wengi husahau hesabu. Yule wa 85 anasema anayesahau hesabu hiyo asiguse sindano. Mara nyingi wanaonyeshwa pia watahiniwa halisi walilipataje swali hilo, halafu wanaandika tena, kila mtu na karatasi yake. Wastani wa makadirio yao ndio uzito wa swali, na jumla ya uzito wa maswali yote ndiyo alama ghafi ya kufaulia. Njia nyingine hupanga maswali kutoka jepesi hadi gumu kwenye kitabu kimoja, na kila mjumbe anaweka alamisho pale anapoona yule daktari wa mpakani anaanza kushindwa. Njia zinatofautiana, ila mtu anayefikiriwa ni yuleyule.

Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mabishano yake ni makali, na yanapaswa kuwa makali. Anayesukuma mstari juu anamfikiria mgonjwa. Anayeushusha anamfikiria daktari mzuri atakayezuiwa bila sababu, na wagonjwa wanaomsubiri. Wote wana haki. Nimeona wajumbe wakibadili makadirio yao baada ya mtu mmoja tu kueleza alichokiona kwenye kiti chake cha matibabu, na sioni aibu kwa hilo. Ndiyo sababu ya kuwaweka madaktari chumbani badala ya kuiachia mashine peke yake.

Ukielewa hapo, swali lako la idadi ya kufeli linajijibu. Hakuna idadi iliyopangwa. Hushindani na aliyekaa kompyuta ya jirani. Nyote wawili mnapimwa dhidi ya mstari uliokwishachorwa, na mkivuka wote mnafaulu wote. Ipo mitihani ya kushindanisha watu, na ni vizuri uijue tofauti. ADAT, mtihani ulioanza mwaka 2016 kwa wanaoomba mafunzo ya ubingwa, unatoa alama kati ya 200 na 800 ili waombaji wapangwe. INBDE haikujengwa kwa kazi hiyo, na ndiyo maana anayefaulu haonyeshwi alama kabisa: anaambiwa amefaulu, basi. Utaratibu huo uliingia kwenye mitihani ya bodi iliyoitangulia, NBDE, mwaka 2012. Kabla ya hapo vyuo vya ubingwa vilikuwa vinawapanga watu kwa alama za mtihani uliotengenezwa kujibu ndiyo au hapana. Mtihani wa leseni hupima vizuri zaidi karibu na mstari; huko juu, tofauti ya 88 na 91 haina maana ya kumnyima mtu nafasi. Mimi nililiunga mkono badiliko hilo na naliunga mkono mpaka leo.

Haya, na mwenzako? Inawezekana kabisa kwamba maswali yake yalikuwa magumu kuliko yako, na inawezekana kabisa kwamba alipata machache kuliko wewe, na bado hakuna aliyeonewa. Mtihani una matoleo mengi, na hayawezi kuwa na ugumu uleule hata wakijitahidi vipi. Kwa hiyo matoleo yanasawazishwa. Kila toleo hubeba baadhi ya maswali yaliyokwishatumika kwenye matoleo ya nyuma. Tuyaite maswali ya nanga. Chukua namba za kubuni: kundi lako lilipata asilimia 70 ya maswali ya nanga, na kundi lake vilevile 70. Basi makundi yana uwezo sawa. Lakini kwenye maswali yaliyobaki kundi lako lilipata 68 na lake 63. Watu ni walewale kwa uwezo, matokeo yameshuka. Kilichobadilika ni ugumu wa maswali. Toleo lake litahitaji majibu machache zaidi kufika 75. Pengine wewe ulitakiwa kupata 330 na yeye 312, na wote wawili mngeandikiwa 75.

Hesabu inayofanya kazi hiyo kwenye mitihani mingi inatokana na mwanahisabati wa Denmark, Georg Rasch, aliyechapisha kazi yake mwaka 1960. Wazo lake ni rahisi kuliko linavyoogopwa: uwezekano wa kulipata swali unategemea umbali kati ya uwezo wa mtu na ugumu wa swali, na vyote viwili vinaweza kuwekwa kwenye rula moja. Ukishakuwa na rula hiyo, mtu aliyefanya toleo gumu na aliyefanya toleo jepesi wanaweza kusimama kando ya kando.

Niongeze jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu linaniuma. Wapo wanaokusanya maswali waliyoyakumbuka na kuyasambaza kwenye makundi ya kusomea. Mbali ya kwamba kila mtahiniwa husaini kuwa hatafanya hivyo, angalia linachofanya kwenye hesabu niliyokueleza. Yakivuja maswali ya nanga, kundi linalofuata linaonekana kuwa na uwezo mkubwa kuliko ilivyo kweli. Maswali mapya, ambayo hayajavuja, yanaonekana magumu kuliko yalivyo, na rula nzima inapinda. Anayelipa gharama ni yule aliyesoma kwa uaminifu. Ukipewa faili la namna hiyo, usilifungue.

Kuhusu kuomba wasahihishe upya: haki hiyo unayo, lakini sikushauri uweke tumaini lako hapo. Majibu ya kuchagua yanasomwa na kompyuta, na kabla ya matokeo kutoka kuna kazi inafanyika ambayo watahiniwa hawaioni. Kila swali linachunguzwa lilivyofanya. Likionekana swali ambalo wenye uwezo mkubwa wanalikosa na wenye uwezo mdogo wanalipata, linavutwa kando: huenda jibu liliwekwa kimakosa, huenda lugha yake ina utata. Linarekebishwa au linaondolewa kwenye hesabu ya kila mtu. Mitihani ya aina hii huchanganya pia maswali ya majaribio ambayo hayahesabiwi, yanayopimwa kwa ajili ya matoleo yajayo. Hiyo ni sababu mojawapo ya matokeo kuchukua wiki kadhaa. Rufaa yenye nguvu ni ile inayohusu utaratibu: umeme ulikatika, kompyuta iligoma, msimamizi alikosea muda. Kama lilikutokea jambo la aina hiyo na uliliripoti siku ileile, pigania. Kama halikutokea, ada ya rufaa iweke kwenye vitabu.

Kuna ukweli mmoja mgumu lazima niuseme. Kila kipimo kina kosa lake. Kama ungeweza kufanya mtihani uleule mara kumi bila kusahau wala kujifunza kitu kati ya mara moja na nyingine, alama zako zingepanda na kushuka kidogo. Mtu mwenye 73 huenda uwezo wake halisi uko juu ya mstari kwa nywele, na mwenye 76 huenda uko chini yake. Watahini tunalijua hilo. Ndiyo maana kurudia kunaruhusiwa, na baadhi ya bodi, hasa kwenye mitihani ya vituo, ile ambayo mtahiniwa hupita kituo kimoja baada ya kingine akipimwa kazi fulani, huupandisha mstari kwa kiasi cha kosa hilo ili shaka imwendee mgonjwa. Lakini kurudia kwenyewe kuna mpaka: kwa INBDE ni majaribio matano au miaka mitano tangu la kwanza, lolote litakalotangulia, na baada ya hapo unaruhusiwa mara moja tu kila miezi 12. Kwa hiyo usirudi haraka kwa hasira ukitegemea bahati ya alama mbili.

Rudi na ile ripoti uliyopewa. Aliyefeli, tofauti na aliyefaulu, huonyeshwa alivyofanya kwenye kila eneo. Isome ukiwa na mizani mkononi. Upande wa kliniki, karibu asilimia 42 ya mtihani ni usimamizi wa afya ya kinywa, karibu 36 ni utambuzi wa ugonjwa na mpango wa matibabu, na karibu 22 ni utendaji wa kazi na maadili ya taaluma. Wasomaji wengi waliosomea nchi nyingine hudharau hiyo 22. Maadili, ridhaa ya mgonjwa, kinga ya maambukizi, kusoma utafiti: hayo ni zaidi ya moja ya tano, na yanasomeka kwa muda mfupi kuliko famakolojia. Usitishwe na eneo dogo lililoonekana baya, kwa sababu lilipimwa kwa maswali machache na kosa lake la kipimo ni kubwa. Anza na eneo kubwa lililo chini ya wastani. Na kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguziwi alama, usiache swali tupu hata moja. Zamani ipo mitihani iliyokata alama kwa kubahatisha, na waliofundishwa na walimu wa enzi hizo bado wanaacha mapengo. Ukiacha maswali kumi yenye majibu manne manne, umetupa wastani wa mawili na nusu bure.

Sasa mtihani wa vitendo. Ulichosikia ni kweli, ingawa wanaokusimulia huwa wanaacha nusu ya habari.

Kwenye mtihani wa maandishi mambo yanafidiana: ukiwa dhaifu kwenye fizi na hodari kwenye upasuaji, jumla inakubeba. Vitendo havina huruma hiyo. Kwenye ADEX, mtihani unaokubaliwa na bodi za majimbo mengi ya Marekani, tiba ya mzizi, taji na ujazaji wa meno ni sehemu zinazosimama peke yake, na kila moja lazima ifike 75. Uingereza ni hivyohivyo: sehemu ya pili ya mtihani wa usajili wa madaktari waliosomea nje, ORE, ina vipengele vinne, kuanzia kazi ya mikono kwenye kichwa cha bandia hadi dharura za kitabibu, na lazima uvivuke vyote. Hoja yake inaeleweka ukimfikiria aliye kwenye kiti. Taji lililokaa vizuri kwenye jino la juu halimsaidii chochote mtu aliyetobolewa mzizi wa jino la chini.

Usahihishaji wenyewe uko hivi. Kazi yako inakaguliwa na watahini watatu, kila mmoja peke yake, hawakuoni na hawaoni alama za wenzao. Wana orodha ya vigezo: upana na kina cha tundu, ukingo wa ujazo, mguso na jino la jirani, na kadhalika, na kila kigezo kina ngazi zilizoandikwa kwa vipimo ili neno «nzuri» lisibaki kwenye macho ya mtu. Kabla ya siku ya mtihani watahini wanapewa kazi za mfano na kusahihisha hadi wakubaliane, kwa sababu wapo wakali na wapo wapole kwa tabia, na mtahiniwa hapaswi kulipia tabia ya mtu. Akipotoka mmoja kati ya watatu, wawili wanamrudisha.

Yale makosa yanayofuta sehemu nzima yako machache na yanajulikana mapema: kutibu jino lisilohusika, kulijeruhi jino la jirani kiasi cha kuhitaji matibabu, kufungua kiini cha jino pasipo sababu, kutoboa mzizi. Na jicho moja halitoshi kukufelisha. Lazima watahini walau wawili walione kosa hilo kila mmoja kivyake. Nadhani hii ni haki. Ninachokitetea kwa nguvu zaidi ni kwamba siku hizi kazi hizi zinafanywa kwenye meno ya bandia yenye uozo wa kutengenezwa. Zamani mtahiniwa alimtafuta mgonjwa mwenye tundu la kipimo kinachotakiwa, akaomba Mungu asichelewe kufika, na watu wakafeli kwa sababu mgonjwa hakutokea. Ugumu wa mtihani ulitegemea mdomo uliobahatika kuupata, na hakuna hesabu ya kusawazisha inayoweza kutibu hilo.

Ukikutana na mtihani wa vituo, ule ulioelezwa na Ronald Harden kule Dundee, Uskoti, mwaka 1975, mstari unapatikana kwa namna nyingine. Mtahini anajaza orodha, tuseme ya alama 20, na pembeni anaandika hukumu yake ya jumla: amefeli, yuko mpakani, amefaulu, amefanya vizuri sana. Jioni alama za watu wote zinawekwa kwenye grafu dhidi ya hukumu hizo, mstari unapigwa, na pale unapokatiza neno «mpakani», labda 11.6, ndipo pa kufaulia kwa kituo hicho. Kituo kigumu kinapata mstari wa chini chenyewe. Kwa hiyo ukitoka kituoni unaona umeharibu, huenda wote wameharibu, na mstari umeshuka pamoja nanyi. Ingia kituo kinachofuata ukiwa na akili safi.

Mwisho, jambo moja linalowahusu hasa waliosomea nje ya Marekani. Huko meno yanahesabiwa kwa namba 1 hadi 32 mfululizo, wakati wewe, kama wengi duniani, umezoea namba za tarakimu mbili za FDI, shirikisho la madaktari wa meno duniani. Kwako 14 ni gego dogo la kwanza la juu kulia. Kwao 14 ni gego kubwa la kwanza la juu kushoto, ambalo wewe unaliita 26. Na 26 yao ni jino la mbele la chini. Nimewaona watu wenye mikono ya dhahabu wakimaliza kazi safi kabisa, kwenye jino lisilo lake. Anza leo kuandika namba zao kwenye madaftari yako yote, na siku ya mtihani, kabla ya kuwasha mashine, weka kidole juu ya jino, lihesabu kutoka nyuma, kisha soma karatasi tena.